Namna ya Kutunza Kipande cha Mto Kinachopita Mtaani: Mfano wa Msimbazi

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita katikati ya Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Masika yanapozidi, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama, na wakazi wa Magomeni hulazimika kuzunguka mbali ili kufika Kariakoo. Tope linalojaa Jangwani, hata hivyo, limetoka kata za juu, na ndiyo maana kazi ya kuutunza mto huu inaihusu kila kamati ya mtaa unaopakana nao.

Anzeni wakati wa kiangazi kwa kutembea kingo zote mbili pamoja na wazee waliokuwapo kwenye mafuriko ya Desemba 2011, mkiweka alama mahali maji yalipofika. Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 kwa kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi, ulichora mitaro na nyumba za kata nyingi za jiji. Zitumieni ramani hizo badala ya kuanza upya.

Kisha pimeni mita 60 kutoka ukingoni, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya eneo hilo. Ushauri wangu ni kwamba msianze na nyumba zilizokwisha kujengwa, zenye watu na watoto ndani, bali na viwanja ambavyo bado viko wazi, maana hivyo vinaweza kuokolewa leo bila kumtoa mtu machozi.

Jambo linalohitaji uvumilivu mkubwa zaidi ni mchanga. Unapochimbwa mtoni, kitako cha mto hushuka, ukingo hubaki umesimama wima bila cha kuuegemeza, na mvua ya kwanza kubwa huuangusha pamoja na ukuta wa jirani. Udongo huo husafirishwa hadi bondeni, ambako maji hupungua kasi, nao hutuama chini ya madaraja. Zungumzeni na wachimbaji wenyewe, ambao wengi ni vijana wa mtaani wanaotafuta riziki, kisha pelekeni suala hilo kwa maandishi kwa mtendaji wa kata na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Palipobomoka, pandeni majani ya vetiva kwa mistari inayokingama na mteremko, wiki chache kabla ya mvua, ili mizizi iwahi kushika.

Katazeni pia kutapisha vyoo mvua inaponyesha, kwa sababu maji hayo hayo humwagilia mchicha unaouzwa sokoni.

Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusisha daraja jipya la Jangwani, nalo litahitaji mto usiolijaza mchanga. Kwa hiyo simikeni nguzo mita tano kutoka ukingoni, na kila Juni pimeni umbali uliobaki, mwandike tarehe, na nakala ikae ofisi ya serikali ya mtaa.