Mkwaruzo kwenye gari: usikimbilie kupiga rangi mlango mzima

Mwezi uliopita pale Kilombero sokoni, hapa Arusha, bodaboda kapita na mkungu wa ndizi nyuma, usukani wake ukanichora mlango wa kushoto mstari kama wa rula, kageuka kasema "samahani bro" huyoo kaenda zake. Fundi niliyemuonyesha akataka kupiga rangi mlango wote. Mlango wa nyuma nilishapigiwa hivyo mwaka juzi na mpaka leo ukisimama juani unaona nyeupe mbili tofauti, kwa hiyo hii nikaifanya mwenyewe nyumbani Njiro.

Anza kwa kuosha, na uoshe kweli, maji mengi na shampuu ya gari, maana vumbi la huku kwetu ukilisugua kavu lenyewe ni msasa. Ikikauka pitisha ukucha kukatiza mstari. Ukiteleza, kilichochubuka ni klia tu, ule utando wa juu usio na rangi. Ukikwama, imeingia kwenye rangi, na ukiona bati usiache mpaka masika yaje, kutu haina subira.

Ya klia ni rahisi. Msasa wa maji namba 2000, uloweke dakika kumi, sugua taratibu huku unamwagia maji yenye tone la sabuni, halafu namba 3000. Usikandamize, klia ni nyembamba kuliko unywele, ukiimaliza ndo umejitafutia kazi ya fundi, na kwenye kona za mlango usiguse kabisa. Pataonekana pana ukungu mweupe, usishtuke, rabing kompaundi (ile krimu ya kusugulia rangi ya gari) na kitambaa laini vinaurudisha mng'ao. Ile habari ya dawa ya meno inasaidia alama ndogo sana, kwa mkwaruzo wa maana unajichosha.

Iliyoingia ndani inahitaji rangi, na hapo usikadirie kwa macho. Toyota ina kibati kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti, tafuta C/TR, namba ya kwanza ndo rangi: 040 ni nyeupe ya kawaida, 1F7 silva, 202 nyeusi. Ukikuta 070 pole, hiyo ni pearl, nyeupe ya kumeta kama lulu, inapakwa tabaka kwa tabaka na kuipatia kwa mkono ni ngumu, kwa kweli hiyo mimi ningempa fundi.

Kama kuna kutu itoe yote kwa msasa, paka praima (rangi ya chini ya kushikia) ikauke. Futa na spiriti. Sasa sahau ile brashi inayokuja kwenye kichupa cha rangi, ni nene mno, chukua kijiti cha meno, chovya ncha, dondoshea rangi NDANI ya mstari tu. Rangi ikikauka inanywea, kwa hiyo rudia mara tatu nne, kila mara subiri kama saa moja, mpaka ipande kidogo juu ya rangi ya zamani, ndo umalizie na klia. Na usifanye asubuhi ya Julai na ule ukungu wetu wa Arusha, haikauki, subiri mchana ila ukae kivulini.

Halafu iache wiki nzima. Mi nilikuwa na haraka nikasugua siku ya pili, rangi yote ikang'oka na msasa nikaanza upya. Baada ya wiki ndo 2000, 3000, kompaundi, kama kule juu.

Ukiinama ukautafuta mstari bado unauona, ila wife anafungua huo mlango kila siku na hajauliza kitu.