Miguu mikavu ughaibuni: anza na soksi, buti baadaye

Anayefika Minneapolis au Toronto mwezi wa Novemba huwa ameshaambiwa na wenyeji wake anunue buti zisizopitisha maji. Ananunua, tena za bei, na bado jioni akivua anakuta soksi zimelowa na vidole vimekunjamana kama vya mfua nguo. Anaanza kutafuta risiti, akidhani kauziwa feki. Mara nyingi buti hazina kosa. Maji yale hayakuingia kutoka nje. Ni jasho lake mwenyewe.

Miguu miwili inakadiriwa kuwa na tezi za jasho zipatazo 250,000. Nyumbani hatukulijali jasho hilo, maana kwenye kandambili na sandali linakauka lenyewe. Mguu uleule ukifungiwa kwenye buti yenye manyoya kwa zamu ya saa nane, jasho halina pa kwenda. Na mguu uliolowa hupoa upesi, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Mtu akihisi baridi anaongeza soksi ya pili, na ya tatu. Buti inabana, damu haifiki vizuri vidoleni, baridi inazidi.

Kwa hiyo, kama fedha ni ya kuhesabu, mimi ningenunua buti za bei ya kati na kinachobaki nikiweke kwenye soksi. Zile za pamba tulizozizoea ndizo mbaya kuliko zote kwa kazi hii: zinakunywa jasho na kulishikilia kwenye ngozi. Tafuta sufu, hasa ya kondoo wa merino, ambayo haiwashi kama sweta za shule. Sufu hubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujajihisi umelowa, na hata ikilowa bado inatunza joto. Iliyochanganywa na nailoni inadumu zaidi. Usihangaike na maneno makubwa yaliyo mbele ya pakiti. Geuza nyuma usome asilimia. Halafu beba jozi ya akiba kwenye begi la kazini, ubadilishe wakati wa chakula. Wafanyakazi wengi wa maghala wanaolalamikia miguu wangepata nafuu kwa jambo hilo peke yake.

Kuna ujanja wa kuvaa mfuko wa nailoni juu ya soksi. Unafaa kwa kutembea hadi kituo cha basi, si zaidi, maana huzuia jasho kutoka kuliko buti yenyewe. Gambuti nazo ni hivyohivyo.

Namba za viatu zinachanganya. Mwanaume aliyezoea 42 ya Ulaya atavaa takriban 8 ya Uingereza na 9 ya Marekani. Kwa wanawake, namba ya Marekani huwa juu ya ile ya Uingereza kwa mbili hivi. Lakini urefu si tatizo letu kubwa. Wengi tuliokua pekupeku au na ndala tuna miguu mipana mbele, na kiatu cha dukani hutubana kwenye kidole kidogo. Dawa yake si kupanda namba, kwani kisigino kitacheza na malengelenge yatatoka. Ulizia upana: Marekani kipimo cha kawaida cha wanaume ni D, na kipana ni 2E au 4E. Nenda dukani jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakayoivalia kweli.

Buti zenye utando wa Gore-Tex au unaofanana nao ni nzuri, ila elewa zinavyofanya kazi. Utando huo huzuia matone na kuruhusu mvuke utoke, mradi ndani kuwe na joto na unyevu kuliko nje. Kwenye theluji ya Minnesota sharti hilo linatimia. Muscat au Doha mwezi wa Agosti halitimii, kwa hiyo usilipie.

Ghuba, kwa kweli, inataka utaratibu wake. Mlinzi anayesimama zamu ndefu na buti alizopewa na kampuni hana uchaguzi wa kiatu, lakini ana uchaguzi wa soksi: nyembamba, za sufu au nyuzi za michezo, jozi mbili kwa zamu. Paka roll-on ya kuzuia jasho kwenye nyayo usiku kabla ya kulala, ngozi ikiwa kavu. Asubuhi umeshachelewa, jasho litaiosha. Poda inasaidia pia, ila ukiimwaga juu ya mguu uliolowa unapata uji kati ya vidole.

Turudi kwenye baridi. Ukifika nyumbani, toa soli ya ndani, legeza kamba, jaza magazeti, na uyabadilishe yakilowa. Usiweke buti juu ya hita: ngozi hukakamaa ikapasuka na gundi ikaachia. Buti zinaweza kuhitaji zaidi ya siku nzima kukauka, ndiyo maana jozi mbili za kupokezana zina faida kuliko moja ya kifahari. Madoa meupe ya chumvi ya barabarani yafute kwa maji yenye siki kidogo, kisha upake dawa ya viatu. Na kwa kuwa sisi hatuingii na viatu ndani, weka sinia la plastiki mlangoni, la sivyo theluji ikiyeyuka, mgeni atakayepita na soksi ataloa kwako badala ya nje.

Wanaotawadha kazini wana kazi ya ziada. Kuosha miguu kwenye sinki na kurudisha soksi haraka ni kuwaalika fangasi. Beba taulo dogo, kausha kati ya vidole kimoja kimoja. Au tumia khuffu, soksi za ngozi: ukizivaa ukiwa na udhu, mkazi anaruhusiwa kupangusa juu yake kwa mchana na usiku mmoja. Kuhusu soksi za kawaida madhehebu hayakubaliani, muulize shehe wako.

Fangasi wakishaingia, ngozi kati ya vidole inakuwa nyeupe, inawasha na kupasuka. Uingereza na Marekani krimu za kuwatibu huuzwa bila cheti cha daktari. Soma kwenye boksi jina la dawa, terbinafine au clotrimazole. Usipake ile krimu ya steroidi aliyokutumia shangazi kutoka nyumbani: inatuliza muwasho huku fangasi wakisambaa. Mwenye kisukari asijitibu, aende kwa daktari.

Jambo moja usilichukulie kwa mzaha ni ganzi. Mguu uliolowa kwa muda mrefu unaweza kuumia hata kwenye nyuzi 15 hivi za Selsiasi, bila barafu yoyote. Utafiti katika jeshi la Uingereza umeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika wanaumizwa na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao Wazungu. Tena maelekezo mengi yanasema utazame wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Wewe tazama mguu uliopauka au wenye rangi ya kijivu, uliovimba, unaochoma au usiohisi. Vua soksi zilizolowa, kausha, vaa kavu, ingia ndani. Usiuchovye kwenye maji ya moto wala kuusogeza kwenye hita, maana mguu wenye ganzi unaungua bila wewe kujua. Ganzi isipoondoka, nenda hospitali.

Kuhusu buti za usalama, uliza kabla ya kununua. Uingereza, Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya 1974 inamkataza mwajiri kukutoza kwa vifaa vya kinga anavyolazimika kukupa. Ukiruhusiwa kuchagua na kazi ni ya kwenye baridi, epuka zenye chuma kidoleni, kwani chuma kinapoa. Zipo za plastiki ngumu zenye cheti kilekile.

Na harusi za Desemba? Nenda na buti, viatu vya kucheza viwe kwenye mfuko. Ukumbini kila mtu anabadilisha viatu pale kwenye makoti, hata mama wa bibi harusi.