Unatoka Dodoma kwenda kuvua maji makuu? Soma hili kwanza

Tangu treni ya SGR ianze kutufikisha Dar kwa saa chache, wavuvi wa Mtera na Hombolo wamepata homa mpya: likizo ya Desemba lazima wakavue baharini. Sawa, nendeni. Ila mtu aliyezoea perege wa bwawa anafika pwani na ujuzi nusu, na hiyo nusu ndiyo inayoumiza.

Anza na upepo. Joto la pwani la Desemba hadi Machi linakuja na kaskazi, upepo unaotoka kaskazini. Utaambiwa kaskazi ni mpole kuliko kusi, ule upepo wa kusini, na kwa kiasi ni kweli. Asubuhi maji hulala, mchana upepo unaamka. Toka alfajiri, na jua linapofika utosini uwe umeshageuza. Jua pia kwamba mkondo wa bahari mwambao wetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na upepo wa kaskazi unatokea hukohuko. Vikikutana uso kwa uso, mawimbi yanasimama wima na kufuatana karibukaribu, hata kama ulipokuwa ufukweni uliona shwari. Sikiliza utabiri wa baharini wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, achana na ule wa Dodoma mjini. Ukitaja mawimbi ya kufikia mita 2, rudi kitandani, nauli uliyolipa isikushauri. Wanaosogeza safari hadi baada ya Pasaka wakumbuke kimbunga Hidaya kilichopiga Mafia Mei 2024.

Halafu mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana: mkondo unakimbia, chubwi ndogo, ile risasi ya kuzamishia mshipi, inapeperushwa na chambo hakigusi chini. Kama unataka changu na chewa, chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, au vizia ule muda mfupi maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa. Muulize nahodha maji yatakupwa saa ngapi, usije ukarudi ukakuta boti haifiki ufukweni na deli la samaki mnalibeba kichwani kwenye tope.

Boti: jaketi okozi kwa kila mtu, ulijaribu mwilini mwako kabla ya kung'oa nanga. Injini ya akiba. Mafuta ya ziada. Leseni ya uvuvi. Usivue kwenye visiwa vya Mbudya wala Bongoyo, ni maeneo tengefu.

Kichefuchefu: kidonge kinamezwa kabla ya kupanda, ukishaanza kutapika kitatoka nacho. Chipsi mayai za alfajiri acha.

Sasa mkono, na hapa nitakaa kidogo. Perege wa Mtera unaweza kumvua huku mshipi umeuzungusha kiganjani na unapiga soga. Anavuta, unavuta, kwisha. Tulitoka Kunduchi kundi la watu wa Dodoma, na mmoja wetu alikuwa fundi ujenzi wa Kizota, mtu anayenyanyua tofali la nchi sita kama mkate. Nahodha akazima mashine, boti ikaachwa iende na maji, vibua hai vikatiwa ndoana. Akasema mara moja tu, mshipi usizungushwe mkononi. Fundi akaitikia, "Sawa, mzee." Kisha ikapita saa nzima hakuna kilichogusa, jua likapanda, na mkono ukarudia mazoea yake. Hakuna aliyemwona akizungusha. Tulichoona ni mkono kunyooka ghafla kuelekea majini na mwili kuufuata, hadi kifua kikagonga ubavu wa boti. Hata sauti haikutoka. Nailoni ikishakaza namna ile huwezi kuifungua mpaka samaki alegeze, na jodari mbio zake kali ni hizo za mwanzo. Kilichomwokoa ni kijana wa boti aliyekuwa anakata chambo. Kisu kilikuwa mkononi mwake tayari. Mshipi ukakatwa, samaki akaenda zake na ndoana, fundi akabaki na kiganja kilichochanika hadi mfupa unaonekana. Njia nzima ya kurudi tulikuwa tunabadilisha taulo. Vidole viwili havikunji sawasawa hadi leo. Mwiko anaushika kwa kushoto, na ukuta aliokuwa anaumaliza kwa siku mbili sasa unamla wiki.

Kwa hiyo mshipi upite juu ya vidole, usivizunguke. Vaa vipande vya tyubu ya baiskeli vidoleni. Unaouvuta ndani uangukie kwenye beseni. Ukijikusanya miguuni utakunasa kifundo, na huko ni kubaya zaidi. Pete vua, hata ya ndoa, mwenzako ataelewa. Kisu kikae mahali ambapo kila mtu anapajua. Samaki akikimbia mwache akimbie, mvute anapopumzika. Akikushinda, kata. Mshipi unauzwa dukani. Wenye fimbo na rili, breki irekebishwe kabla ya kutupa, si samaki akishashika.

Anayetaka kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayokwenda, afunge kipande cha waya kabla ya ndoana. Meno ya nguru na mzia yanakata nailoni bila wewe kuhisi kitu.

Barafu nunua nyingi kuliko unavyodhani. Jodari, nguru na kibua wakikaa juani wanajenga sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Unakula, baada ya muda mfupi uso unawaka, kichwa kinagonga, tumbo linafunguka. Mwenye mpango wa kupeleka samaki hadi Dodoma awatoe matumbo mapema na kuwazika ndani ya barafu, asiwaweke juu yake. Samaki aitwaye bunju usimpeleke nyumbani kabisa, anaua.

Maji ya kunywa beba ya kutosha. Jasho la pwani halikauki kama letu, unalowa na bado unakaukiwa. Kofia yenye kamba. Usiguse mkia wa samaki aitwaye taa. Pombe isipande botini. Na mwachie mtu wa nchi kavu jina la boti, simu ya nahodha na saa ya kurudi, awe mtu wa hapohapo pwani, maana wa Dodoma akiona usiku umeingia hajui hata aanze kumpigia nani.