Namna ya kukagua dai kwamba matungamo ya nyota yanakwenda kwa ngazi

Kazi yangu ni kukagua vitabu vya hesabu vya maduka na vyama vya ushirika hapa Tanga, na usiku nasoma habari za nyota. Kwa hiyo nikitumiwa andiko linalodai kwamba nyota au galaksi haiwezi kuwa na tungamo (kiasi cha maada) lolote lile, bali lazima iangukie kwenye ngazi maalumu kama elektroni ndani ya atomu, simcheki aliyeandika. Nafungua Excel.

Dai lenyewe lina ukoo wa heshima. Miaka ya 1970 William Tifft wa Chuo Kikuu cha Arizona, mwanaastronomia wa kazi, alisema kasi za galaksi zinazosomwa kwenye nuru yake hupishana kwa mafungu ya karibu kilomita 72 kwa sekunde. Wengine wakaona ngazi kwenye kwazari, yaani viini vya galaksi za mbali vinavyong'aa mno, zinazoonekana karibu na galaksi nyingine. Mwaka 2002 wanaastronomia Hawkins, Maddox na Merrifield walikagua dai hilo la kwazari kwa jozi 1,647 na hawakuona ngazi yoyote, si iliyotabiriwa wala nyingine. Kwenye matungamo unaweza kufanya ukaguzi wa aina hiyo mwenyewe, mezani.

Anza na pulsa, yaani masalia ya nyota yanayotoa mapigo ya redio, zile zinazozunguka pamoja na nyota nyingine, maana mizunguko yake hutoa tungamo kwa usahihi ambao vitu vingi vya angani havina. PSR B1913+16, iliyogunduliwa na Hulse na Taylor mwaka 1974, ina tungamo mara 1.438 ya Jua, na mwenzake 1.390. Jozi ya PSR J0737−3039 ina 1.338 na 1.249. Ziandike namba hizo nne safu ya A. Kwenye D1 weka ukubwa wa ngazi inayodaiwa, na safu ya B andika:

=A1/$D$1-ROUND(A1/$D$1,0)

Hilo ni baki: tungamo limeikosa ngazi ya karibu kwa kiasi gani. Dai likiwa kweli, baki zote zitakuwa karibu na sifuri.

Sasa nikutungie nadharia. Weka 0.0479 kwenye D1. Ukigawa unapata 30.02, 29.02, 27.93 na 26.08. Nyota nne, na zote zimekaa jirani na namba nzima! Ningeipa herufi ya Kigiriki ningepata wafuasi kabla ya swala ya alfajiri. Lakini nimeipataje? Nimebadilisha D1 kidogo kidogo mpaka safu ya B ikatulia. Namba moja kuangukia ndani ya 0.08 ya ngazi, juu au chini, ina nafasi ya 0.16. Zote nne kwa pamoja ni karibu 1 kati ya 1,500, na hiyo ndiyo hesabu utakayoonyeshwa kwenye andiko. Kama nimejaribu ngazi 300 tofauti, kwa makadirio ya haraka nafasi ya kupata moja inayopendeza hivyo kwa bahati tu ni 1 kati ya 5. Basi swali la kwanza kwa mwenye nadharia: ngazi ngapi ulizijaribu ukazitupa?

Usinitegemee mimi kwa hilo. Futa pulsa, weka =1.2+0.3*RAND() mara nne, zinakili kama namba za kawaida ili zisibadilike, kisha chezea D1. Ngazi zitakujia kutoka kwenye namba zisizo na maana yoyote.

Halafu tazama kiasi cha kukosea, yaani ile namba inayofuata alama ya ±. Waandishi wengi wa nadharia hizi huiruka, nami nikiona imerukwa hupunguza kasi ya kusoma. Ngazi ya 26 ya nadharia yangu ni 1.2454, nyota yenyewe ni 1.249. Pengo limezidi 0.003, ilhali waliopima wana kosa lililo chini ya 0.001. Kumbe safu ya B ilipendeza kwa macho tu. Na upande wa pili: PSR J0348+0432 ilipimwa mwaka 2013 kuwa 2.01 ± 0.04. Nafasi hiyo ina upana wa 0.08, imeizidi ngazi yangu nzima, kwa hiyo lazima iwe na ngazi ndani yake. Nyota ya namna hiyo haithibitishi wala haikanushi kitu. Itoe kwenye orodha.

Jihadhari pia na kukadiria. Mwenye duka akiandika mauzo kwa kukumbuka, yote huishia na sifuri mbili, na ngazi hiyo kaiweka yeye. Jedwali la nyota lenye matungamo yaliyokadiriwa hadi 0.1 litakupa ngazi za 0.1 bila kuhitaji fizikia yoyote.

Wala mrundikano mmoja usidhani ni ngazi. Nyota za nyutroni, ambazo pulsa ni aina yake, zimejazana karibu na 1.4 na sababu inajulikana: kiini cha nyota kubwa huporomoka kikikaribia kikomo cha Chandrasekhar, yaani tungamo ambalo kiini hicho hakiwezi tena kujibeba.

Mwisho, leta namba ambayo nadharia haikuiona ilipotungwa. Kanuni ya Titius na Bode kuhusu umbali wa sayari kutoka kwenye Jua (umbali wa Dunia ukihesabiwa 1) ilifaulu jaribio hili mara mbili: Uranus mwaka 1781 ilikuwa 19.2 badala ya 19.6, Ceres mwaka 1801 ikawa 2.77 badala ya 2.8. Neptune mwaka 1846 ikatokea kwenye 30.1, kanuni ikisema 38.8. Ya kwangu haikufika mbali hivyo. PSR B1534+12 na mwenzake ni 1.3330 na 1.3455, kosa la kipimo 0.0002. Ngazi ya karibu ni 1.3412, na nyota zote mbili zimeikosa, moja kwa chini, moja kwa juu.

Ukiwa na nadharia yako, niandikie D1 kwanza. Nyota nitazichagua mimi.