Somo: Kujitolea Sauti za Busara, kuanzia fomu mpaka geti linapofungwa usiku

Wengi wanaoomba kujitolea kwenye tamasha la muziki hudhani ni kupata fulana na kuingia bure. Muziki utausikia, ila mara nyingi jukwaa utalipa mgongo. Mtu wa kujitolea si baunsa wala si polisi. Hakamati mtu, hashiki begi la mtu kwa nguvu, hagombani. Anaona jambo likiwa bado dogo, analisema kwa anayehusika, kisha anarudi kutazama watu.

Tumechukua Sauti za Busara ya Zanzibar kwa sababu ya mahali panapofanyika. Tamasha hili lilianza Februari 2004 (mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha) na kitovu chake ni Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, mkabala na bustani ya Forodhani. Waomani walianza kuijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kuondolewa. Kuta ni nene na milango ni michache. Ngome hujengwa ili watu wasiingie. Wewe unatakiwa kuwaingiza kwa mamia, na usiku kuwatoa wote bila mtu kukanyagwa. Ukiweza hapo, uwanja wa mpira hautakushinda.

Hatua ya 1: Omba mapema, na uulize maswali yako kabla ya kukubali

Anza kufuatilia matangazo ya waandaaji kuanzia Oktoba. Kwenye maombi usiandike "napenda muziki", maana kila mtu anapenda. Andika lugha unazozungumza (Kifaransa kina thamani, wasanii na wageni wengi hutoka nchi zinazokitumia), kama una cheti cha huduma ya kwanza, na siku ambazo una uhakika nazo. Anayeahidi siku zote kisha akatoweka siku ya pili huharibu ratiba kuliko aliyeahidi siku moja.

Uliza mambo manne: zamu ni saa ngapi, chakula kipo, nauli ya kurudi usiku ni ya nani, na ukiumia kazini nani analipa matibabu. Ukitoka bara, boti za kasi huchukua kama saa 2 kutoka Dar, na kitambulisho ni lazima. Walio nje ya Tanzania wakumbuke kwamba visa ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata kazi ya bure. Mambo hayo yamalizwe na waandaaji kabla ya kukata tiketi.

Angalia na kalenda ya Kiislamu. Ramadhani inaingia Februari miaka hii, hivyo tarehe za tamasha zinaweza kusogea. Ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8, kutegemea mwandamo. Usipange likizo kwa kukisia tarehe za mwaka uliopita.

Hatua ya 2: Soma saa vizuri

Inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoacha mageti bila watu. Ratiba ikisema "saa 10", Mswahili anafika saa 10 jioni, mgeni anafika saa 4 usiku. Andikeni zote mbili: saa 10:00 jioni / 16:00. Kama ratiba haiko hivyo, waambie walioiandaa waibadilishe siku ya mafunzo, msingoje siku ya kwanza ya tamasha.

Hatua ya 3: Vitu vya kubeba

Februari ni kaskazi. Joto hupita nyuzi 30 na jioni ukuta wa mawe bado unarudisha moto. Beba maji lita 1.5 na ujaze tena kila unapopata nafasi. Kipimo cha anayefanya kazi kwenye joto ni robo lita kila dakika 20, si lita nzima kwa mara moja. Vaa raba au viatu vilivyofunika vidole. Makubazi na ndala hukutana na vigae vya chupa. Tochi ndogo, kalamu, kijitabu, betri ya akiba ya simu. Mfuko wa plastiki usije nao, Zanzibar umepigwa marufuku.

Vizibo vya masikio usivisahau. Desibeli 100, ambazo ni kawaida karibu na spika kubwa, sikio huzistahimili kwa dakika 15 hivi kabla ya kuanza kudhurika. Desibeli 85 huvumilika saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Ukiwa chini ya spika zamu nzima bila kizibo, mluzi utakaousikia kitandani si wa bahari.

Mavazi: Mji Mkongwe ni mtaa wa watu, wanaishi humo na wanaswali humo. Suruali ndefu au sketi inayopita magoti, mabega yafunikwe.

Hatua ya 4: Tembea eneo lote kabla watu hawajaingia

Fika dakika 45 kabla ya zamu. Tembea kwa miguu yako kutoka kituo chako hadi kila mlango wa kutokea, hadi huduma ya kwanza, hadi mtungi wa kuzimia moto ulio karibu. Sukuma kila mlango wa dharura uone unafunguka. Usikubali kuambiwa "ufunguo yupo nao fulani". Fulani huyo usiku atakuwa anakula pweza Forodhani.

Hapa kuna hesabu inayofaa kukaa kichwani. Kwenye viwanja vya michezo Uingereza hupigiwa hesabu kwamba mita 1 ya upana wa njia tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika, na ngazi watu 66. Mlango wa mita 2 basi hutoa watu 164 kwa dakika, na kwa dakika 8 watu 1,312. Sasa mtu aegeshe vespa ikale nusu mita. Umepoteza robo ya mlango, yaani zaidi ya watu 300 katika dakika hizo 8. Ndiyo maana boda boda, mkokoteni wa miwa na meza ya fulana haviruhusiwi mbele ya njia hata kwa "dakika moja tu, kaka". Katika kazi zote za kujitolea, hii ya kulinda njia iwe tupu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa watu.

Hatua ya 5: Getini

Anayekagua begi sawasawa hutumia sekunde 10 hadi 15 kwa mtu, yaani watu 4 hadi 6 kwa dakika. Wakija 600 ndani ya nusu saa, hao ni 20 kwa dakika: mnahitaji wakaguzi 4 wenye kasi au 5 wa kawaida. Mkiwa 2, foleni itafika barabarani na mtaanza kuruka mabegi. Omba msaada foleni ikiwa ya watu 40, usingoje ifike 200.

Bangili ya tiketi ishike kwa vidole uivute kidogo, usiitazame kwa macho tu. Ya kitambaa yenye kifungo cha plastiki huteleza upande mmoja: inakaza, hailegei. Ikilegea, kifungo kimechezewa. Ya karatasi ngumu ikiwa na gundi mpya au mkunjo mahali pa kubandika, ilikuwa kwenye mkono mwingine. Usimwite mtu mwizi. Sema, "Samahani ndugu, bangili hii ina hitilafu, twende dirisha la tiketi wakusaidie," kisha ikabidhi kesi kwa kiongozi wako.

Kuhesabu kwa kaunta ya kubonyeza: mmoja ahesabu wanaoingia, mwingine wanaotoka, mpeleke tofauti yake kituo kikuu cha usimamizi kila dakika 15. Kosa la kila mwaka ni kuhesabu wanaoingia peke yao. Ikifika saa 4 usiku namba inasema pamejaa na nusu ya watu wapo Forodhani wanakula mishikaki.

Hatua ya 6: Ndani, soma umati

Fikiria mraba wa mita 1 kwa mita 1. Wakiwa 2 wanacheza. Wakiwa 4 bado wanageuka. Wakiwa 5 mabega yamegusana, na hapo utoe taarifa. Wakizidi 6 mtu hajiendeshi tena, anabebwa na wenzake, na mmoja akiyumba mstari mzima unayumba kama maji kwenye ndoo.

Dalili za hatari si kelele. Tazama nyuso zinazoinuka juu kutafuta hewa, mikono iliyobanwa kifuani, watu wanaogeuka kulipa jukwaa mgongo wakitaka kutoka, mabegi yanayopitishwa juu ya vichwa. Ukiona wimbi linayumbisha watu hata bila wimbo kubadilika, ita kituo kikuu mara moja. Kusimamisha muziki ni uamuzi wa msimamizi wa jukwaa. Usipande jukwaani kumpungia msanii.

Hatua ya 7: Redio

Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndiyo uzungumze. La sivyo neno la kwanza hukatika. Sema unamwita nani, wewe nani, nini kimetokea, wapi, unahitaji nini.

"Kituo, hapa geti la nyuma."
"Sema, geti la nyuma."
"Mwanamke mmoja ameanguka. Anapumua, haitikii. Kushoto mwa jukwaa, taa ya pili. Nataka huduma ya kwanza."

"Njooni haraka huku kuna tatizo" haimsaidii mtu yeyote. Jina la mtoto aliyepotea halitajwi redioni wala kwenye maiki.

Hatua ya 8: Kuwatoa

Dakika 20 kabla ya wimbo wa mwisho kila mtu awe mlangoni kwake, njia imefunguliwa kwa upana wote, taa zinawaka. Tumia mkono mzima uliokunjuliwa kuonyesha njia, kwa sauti ya chini na maneno yale yale: "Taratibu, kulia, asanteni." Anayerudi ndani kutafuta simu akae pembeni mpaka msafara upungue. Mtu mmoja anayepita kinyume kwenye mlango mwembamba husimamisha 20.

MASWALI YA WANACHAMA

Wakuu, posho ipo? (Morogoro)
Kujitolea ni kujitolea. Kawaida hupewa fulana, pasi ya kuingia ukiwa huna zamu, na mlo. Lakini nauli ya usiku iulize kwa maandishi. Zamu ikiisha saa 7 usiku na unakaa Fuoni, daladala za uhakika usizitegemee.

Assalamu alaykum. Nataka kujitolea lakini zamu inaingiliana na swala ya Magharibi. Nifanyeje? (Pemba)
Waalaykum salaam. Februari Magharibi huingia karibu saa 12:45 jioni, na hapo ndipo geti linapoanza kuchangamka. Mwambie kiongozi wa zamu mapema, mpangwe wawili wawili: mmoja akiswali mwenzake ashike nafasi, kisha mnabadilishana. Usiondoke kimya kimya ukidhani utarudi baada ya dakika 10.

Mtoto wa miaka 5 analia, hana mtu. Hatua kwa hatua tafadhali. (Dodoma)
Piga magoti umfikie macho. Usimbebe, usimnunulie kitu. Muwe wawili wakati wote, mmoja awe mwanamke ikiwezekana. Kaeni hapo hapo dakika 5, maana mzazi hurudi alikomwachia. Asipotokea, mpelekeni kituo kikuu na muandike saa, mahali, nguo alizovaa. Anayekuja kumdai ndiye aseme jina, umri na nguo, msimtajie ninyi. Mtoto akimkataa, polisi waitwe hata kama huyo mtu amevaa vizuri.

Somo zuri, ila mmesahau upekuzi wa akina mama. Mwanangu alipekuliwa na kijana wa kiume kwenye tamasha moja tukaondoka. (Tanga)
Shikamoo mama, na tumekubali. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, bila mjadala, na buibui haivuliwi foleni. Liwepo pazia au chumba pembeni. Geti lisilo na mkaguzi wa kike halijawa tayari kufunguliwa. Tena upekuzi wa mwilini ni kazi ya walinzi waliofunzwa. Volontia anaangalia begi lililofunguliwa na mwenyewe.

Moto ukianza kwenye nyaya za jukwaa nimwagie maji? (Mwanza)
Usithubutu. Redio kwanza, umeme ukatwe na mafundi, na mtungi uwe wa unga au wa kaboni dayoksaidi. Vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto, bana, fagia kulia na kushoto. Mtungi wa unga wa kilo 6 huisha ndani ya sekunde 20 hivi, hivyo usianze kuufungua ukiwa mbali. Umeisha na moto bado? Ondoka, utoe watu.

Mlevi anataka kunipiga. Nina haki ya kujitetea? (Arusha)
Rudi nyuma hatua mbili, mikono ionekane, usimguse, ongea polepole kuliko yeye. Usisimame kati yake na mlango. Mwenzako aite walinzi. Ukimsukuma akaanguka kwenye mawe, kesi inakugeukia wewe.

Mimi niko Lamu. Haya yanafaa kwenye tamasha letu la utamaduni? (Lamu)
Hatua za redio, mtoto na maji, ndiyo. Umati wenu ni tofauti: uko wazi kando ya bahari, haujazungushiwa kuta. Hatari yenu ni ukingo wa gati na punda. Wakati wa mbio za majahazi watu husogea wote ukingoni kuona, wa mbele hawana pa kurudi. Wekeni kamba mita 2 kutoka ukingoni na watu wanaotazama umati, siyo majahazi, na awepo anayejua kuogelea akiwa na boya. Mbio za punda ziwe na njia iliyofungwa pande zote mbili, na watoto wasivuke baada ya punda wa kwanza kupita, kwa sababu wa pili yuko nyuma yake.