Namna ya kueleza kazi ya EMT katika maombi ya chuo cha udaktari Marekani

Vijana wengi wa Marekani wanaotaka kusomea udaktari, wakiwamo watoto wa familia zilizohamia huko kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, hutafuta kwanza leseni ya EMT, ambayo ni ngazi ya kawaida ya mhudumu wa dharura katika gari la wagonjwa, kwa sababu mafunzo yake huisha ndani ya miezi michache na kazi yenyewe humweka mwombaji karibu na mgonjwa mapema kuliko kazi nyingine nyingi. Ugumu huanza anapofungua fomu ya AMCAS, inayotumiwa na vyuo vingi vya udaktari nchini humo, na kukuta kwamba kila shughuli imepewa herufi 700 tu, nafasi kati ya maneno zikiwa zimehesabiwa. Shughuli zote haziwezi kuzidi 15, na tatu kati yake zinaweza kuteuliwa kuwa zenye maana kubwa zaidi na kuongezewa herufi 1,325 kila moja. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza, kabla hujaandika hata sentensi, ni kama kazi ya EMT itakuwa miongoni mwa hizo tatu. Ikiwa ndiko ulikokutana na wagonjwa wengi kuliko mahali pengine popote, iweke.

Sehemu ya aina ya shughuli haihitaji kufikiriwa sana: kazi ya kulipwa iandikwe kuwa ajira ya kitabibu, na ya kujitolea iandikwe kuwa ya kujitolea. Idadi ya saa ndiyo inayotaka uangalifu. Saa ulizokuwa kituoni kwenye zamu ni saa za kazi hata kama simu haikulia, lakini usiku uliolala nyumbani kwako ukiwa tayari kuitwa usiuhesabu kana kwamba ulikuwa na mgonjwa mikononi. Fomu hutenganisha saa zilizokwisha kufanywa na zile unazotarajia kufanya baadaye. Usizichanganye, na usiingize saa za darasani pamoja na saa za kazini. Jina la msimamizi utakalojaza ni la mtu anayeweza kuulizwa, basi mjulishe mapema na uhakikishe kwamba hesabu yako inalingana na kumbukumbu za zamu alizonazo.

Katika maelezo yenyewe, kosa ninaloliona mara nyingi katika rasimu za vijana ni kutumia nusu ya nafasi kueleza ving'ora, mwendo wa kasi na damu barabarani. Wasomaji wa maombi wanajua ambulensi ni nini; wasichokijua ni wewe ulifanya nini ndani yake. Linganisha sentensi hii, “Nilijifunza kuokoa maisha katika mazingira yenye shinikizo kubwa,” na maelezo haya, ambayo kwenye fomu yataandikwa kwa Kiingereza: “Zamu za usiku za saa 12, EMT wawili katika gari. Ninapima presha, mapigo ya moyo, upumuaji na sukari, ninatoa oksijeni, ninafunga banzi kiungo kilichovunjika, kisha ninamkabidhi mgonjwa kwa muuguzi wa idara ya dharura kwa mdomo na kwa ripoti ya maandishi. Wengi ni wazee walioanguka, wenye kisukari na wenye maradhi ya akili. Tangu mwaka wa pili ninawafundisha wahudumu wapya kuandika ripoti.” Maelezo ya pili hayana neno la kujisifu hata moja, lakini msomaji anaondoka akijua wagonjwa ni akina nani, mikono yako ilifanya nini na wajibu wako uliongezeka vipi.

Usivuke mipaka ya leseni yako kwa kalamu. EMT wa ngazi ya kawaida hutumia mashine ya kushtua moyo, hutoa oksijeni na dawa chache zilizoruhusiwa, lakini katika majimbo mengi hawekei mgonjwa dripu wala hamwekei mrija wa pumzi kooni; hiyo ni kazi ya paramediki, mhudumu wa dharura wa ngazi ya juu zaidi. Kama ulimsaidia paramediki, andika kwamba ulimsaidia. Miongoni mwa wanaosoma maombi wamo madaktari wa idara za dharura, na mtu wa namna hiyo hugundua kwa neno moja tu kwamba umejivika kazi ya mwenzako.

Lipo kundi jingine linalokosea kwa upande wa pili, nalo ni wale walioajiriwa na kampuni binafsi za kusafirisha wagonjwa kati ya nyumbani, hospitali na vituo vya kusafishia damu. Wengi wao huona haya kuitaja kazi hiyo, wakidhani kwamba isiyo na ajali si kazi. Mimi naona kinyume chake. Mgonjwa wa figo husafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kwa hiyo mhudumu anayempeleka humwona akibadilika mwezi hadi mwezi, jambo ambalo anayeitikia simu za dharura hulipata kwa nadra. Anajua kwamba presha haipimwi kwenye mkono uliotengenezewa mshipa wa kusafishia damu. Anajua kwamba akimwinua haraka kutoka kitini baada ya matibabu mgonjwa anaweza kupata kizunguzungu kwa sababu presha imeshuka, na pengine ndiye anayetambua kwanza kwamba mzee ameacha kula, au kwamba lifti ya jengo lake imeharibika na ndiyo sababu ya kukosa miadi. Yaandike hayo kwa uwazi; ni tiba halisi, na si kila mwombaji ameiona kwa karibu hivyo.

Zile herufi 1,325 za ziada zisirudie orodha ya majukumu. Chagua tukio moja, lieleze kwa sentensi chache, kisha tumia nafasi iliyobaki kueleza uliamua nini, ulijiuliza nini baadaye na ulibadilisha nini katika utendaji wako. Chochote utakachoandika hapo unaweza kuulizwa kwenye usaili, hivyo usichague kifo usichoweza kukizungumzia mbele ya wageni.

Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, na kuficha jina peke yake hakutoshi. Tarehe kamili, jina la mtaa, au umri unaozidi miaka 89 vinaweza kumtambulisha mtu, na katika mji mdogo ajali isiyo ya kawaida hujulikana na kila mtu. Andika “mzee wa kiume aliyeanguka bafuni” na uishie hapo.

Ikiwa umewahudumia kwa Kiswahili wakimbizi wa Kongo waliopewa makazi Marekani, litaje hilo kwa kipimo: eleza kwamba ulimuuliza mama kwa lugha yake maumivu yameanza lini na anatumia dawa gani, na useme kama hospitalini alitafutiwa mkalimani mwenye sifa. Hapo utaonyesha kwamba unajua tofauti kati ya kuelewana na mgonjwa barabarani na kumtafsiria maelezo ya upasuaji.

Maelezo yaandikie kwanza pembeni, bila herufi nzito wala vitone vya orodha, kwa kuwa fomu hupokea maandishi matupu, halafu uhesabu herufi kabla ya kuyanakili. Ukiomba pia vyuo vya osteopathi, yaani vile vinavyotoa shahada ya udaktari ya DO badala ya MD, kupitia fomu yao ya AACOMAS, ambako kikomo ni herufi 600, punguza kwanza vivumishi, na sentensi ya kumkabidhi mgonjwa kwa muuguzi iwe ya mwisho kuondolewa.