Jinsi ya Kuomba Kibali cha Utafiti wa Lishe Pamoja na Wahadzabe

Anayetaka kutafiti afya na lishe ya Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa chakula cha porini waishio kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, aanzie kambini kwao kabla ya kujaza fomu yoyote. Kupitia mtafiti mwenza Mtanzania na serikali ya kijiji, omba kikao cha mashauriano, nawe usikusanye humo takwimu hata moja. Waulize wenyeji wao wangependa kujua nini. Wahadzabe hawana chifu, kwa hiyo ridhaa ya mzee mmoja haiwafungi wenzake, na vikao vitatu au vinne si vingi.

Hapo ndipo dodoso hurekebishwa. Swali la "jana ulikula milo mingapi?" huiacha asali na matunda yaliyoliwa porini pale pale yalipopatikana. Mizizi ya porini nayo, akina mama huichimba kwa mti uliochongwa ncha, huibabua motoni, huitafuna na kutema makapi. Ukiweka mzizi mzima kwenye mizani, utaandika chakula ambacho hakikumezwa. Wachimbaji wanalijua hilo, basi nao wapange vipimo pamoja nawe na walipwe kwa kazi hiyo.

Andiko la utafiti likikamilika, omba kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ukiambatanisha dodoso, wasifu wa watafiti, bajeti na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili. Fomu hiyo isomwe kwa sauti na kufafanuliwa kwa Kihadza, kwa kuwa dole gumba la mtu asiyeelewa si ridhaa. Damu au kinyesi kikipelekwa nje ya nchi, panahitajika mkataba wa kuhamisha sampuli. Humo taja wazi matumizi yaliyokubaliwa kikaoni, na mengine yoyote yaombewe ridhaa upya.

Mtafiti wa kigeni ataomba pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kisha kibali cha ukaazi. Barua za mkoa, wilaya na kijiji hufuata.

Wasan wa Afrika Kusini, jamii nyingine yenye asili ya uwindaji na ukusanyaji, waliotangaza kanuni zao za utafiti mwaka 2017, wanadai heshima, uaminifu, haki, kujali na utaratibu. Kwa msingi huo, tenga tangu mwanzo fedha za kurudi kambini na matokeo kabla hayajachapishwa, ili waliotoa majibu wapate nafasi ya kuyasahihisha.